'Dawa ya uchungu' yahitaji lugha iliyo wazi

Likizo iliyopita nilikwenda Hola kuwaona jamaa zangu. Jua lilikuwa kali, kama ilivyo ada ya nchi ile iliyo kando ya Mto Tana, nasi tulikuwa tumejikalia chini ya mwembe. Binti ya kaka yangu, ambaye alikuwa na mimba yake ya kwanza ya miezi minane, akaniambia kwa furaha: "Shangazi, mimi siogopi tena. Nimeambiwa kliniki kwamba nikikawia nitawekewa dawa ya uchungu. Basi hata sitaumia sana."

Nilinyamaza kwa muda. Binti huyu amesoma hadi kidato cha nne na Kiswahili chake hakina kasoro. Hata hivyo, alikuwa ameyaelewa maneno ya kliniki kinyume kabisa cha maana yake. Dawa aliyotajiwa haiondoi uchungu. Huuleta, na ukiwapo tayari huuongeza.

Singeweza kumcheka. Mimi niliye na shahada ya uzamifu ya isimu, niliyelipwa mshahara miaka yote hii kwa kuwafundisha wengine maana za maneno, nilikosea vivyo hivyo, tena nikiwa kitandani.

Nilipokuwa nikijifungua mwanangu wa kwanza, miaka 17 iliyopita, katika hospitali moja iliyo mbali na Hola na ambayo sitaitaja jina, muuguzi alitundika chupa karibu na kitanda changu. Nilimwuliza, "Sista, hiyo ni nini?" Akanijibu akiwa ameshageuka kwenda kwa mwingine, "Ni maji tu, mama, na dawa ya uchungu kidogo." Nikamshukuru. Nilidhani nimeonewa huruma.

Haukupita muda mrefu kabla uchungu haujanijia bila kuachia: mmoja haujaisha, mwingine umeanza. Sikumwita mtu, kwa kuwa niliamini kwamba dawa ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi. Naam, niliingoja dawa initulize, ilhali dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinitesa. Aliyeniokoa ni mkunga mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa akipita kumtafuta mwenzake. Aliniwekea kiganja tumboni, akatazama saa yake, kisha akaufunga mpira wa dripu pasi na kusema neno. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuita?" Sikuwa na jibu. Mtoto alizaliwa hai, lakini alichelewa kulia, na dakika zile sijazisahau hata leo.

Katika makala haya sikusudii kuwashutumu wauguzi. Wala sikusudii kuwatisha akina mama waikimbie dawa ambayo, ikitumiwa ipasavyo, huokoa maisha yao. Nataka kuonyesha kwamba usalama wa dawa hii hautegemei tu elimu ya anayeitoa. Wategemea pia maneno yanayotumiwa baina ya muuguzi na mama, baina ya muuguzi na muuguzi mwenziwe, na baina ya karatasi na anayeisoma. Hapo ndipo walimu na wanafunzi wa lugha tunapohusika, tupende tusipende.

Tuanze na hilo neno dogo "ya". Katika Kiswahili tunasema dawa ya malaria, dawa ya minyoo, dawa ya kikohozi na dawa ya mbu. Katika mifano yote hiyo dawa humpinga yule anayetajwa baada ya "ya". Hata wahenga waliponena kuwa dawa ya moto ni moto, walikuwa na maana ya kitu cha kuupinga moto. Lakini pia tunasema dawa ya usingizi na dawa ya nguvu, na hapo maana hugeuka: dawa huleta kile kinachotajwa. Sarufi haitofautishi. Msikilizaji huamua mwenyewe kwa kutegemea anachokijua kuhusu ulimwengu. Kila mtu anajua kwamba hakuna anayekwenda dukani kununua malaria, ndiyo maana hatukosei.

Sasa mchukue msichana wa miaka 20 ambaye hajapata kuzaa. Anajua nini kuhusu uchungu wa uzazi isipokuwa kwamba ni maumivu? Tangu utotoni amezoea kwamba dawa huondoa maumivu. Akiambiwa "dawa ya uchungu", ataielewa kwa kanuni ile ile ya dawa ya kichwa. Kwa muuguzi, uchungu ni kazi ya mwili inayopaswa kusonga mbele, na ikikwama husaidiwa. Neno ni moja ila wasemaji wawili wana kamusi mbili tofauti vichwani mwao.

Ya kushangaza ni kwamba Kiswahili chenyewe kina tiba ya utata huu, nayo ni kitenzi. Hakuna anayechanganya dawa ya kuhara na dawa ya kuharisha. Vivyo hivyo twaweza kusema dawa ya kuanzisha uchungu, dawa ya kuongeza uchungu, dawa ya kutuliza uchungu, na dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa. Haya ni majina manne ya kazi nne zilizo tofauti. Kila moja linachukua muda usiozidi kuvuta pumzi. Tunapolikata neno ili tuokoe muda, aghalabu tunachokikata ni kile kitenzi kilichobeba maana.

Dawa yenyewe huitwa oksitosini. Jina hili limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upesi na kuzaa. Mwaka 1906 mwanasayansi Mwingereza, Henry Dale, aligundua kwamba kiowevu kilichotolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo huifanya uterasi ijikaze. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza dawa hiyo katika maabara, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa hivyo oksitosini si sumu ngeni. Mwili wa kila mama huitengeneza wenyewe wakati wa kuzaa na wakati wa kunyonyesha. Tofauti ni kwamba mwili una kipimo chake, ilhali chupa haina kipimo isipokuwa mkono wa muuguzi.

Kazi yake inapozidi, mikazo ya uterasi hufuatana bila mapumziko. Wakati wa mkazo, damu inayompelekea mtoto hewa hupungua, na ni katika mapumziko baina ya mikazo ndipo mtoto hupata nafuu. Mapumziko yakitoweka, mtoto hukosa hewa. Kwa mama, hatari kubwa kuliko zote ni kupasuka kwa uterasi, jambo lisilotokea mara nyingi lakini likitokea huweza kumwua yeye na mtoto kwa muda mfupi sana. Aliyekwisha kuzaa mara nyingi, au aliyepata kupasuliwa hapo awali, yumo hatarini zaidi. Si ajabu basi kwamba tangu mwaka 2007 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa matumizi ya dawa imeiweka oksitosini ya mshipani katika orodha ya dawa zinazohitaji tahadhari kubwa kuliko nyingine.

Lakini dawa hii ina uso wa pili. Mtoto anapozaliwa, mama hupewa yuniti 10 za oksitosini kwa mara moja, kwa kawaida sindano ya msulini, ili uterasi ijikaze na damu isimwagike. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya akina mama nchini, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria vifo hivyo kuwa 362 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sindano hiyo haina badala iliyo rahisi. Anayeikataa kwa kuwa amesikia kwamba "dawa ya uchungu huua" anajiweka katika hatari kubwa.

Nawaomba walimu waliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu ni somo la lugha na la hesabu kwa pamoja. Kichupa ni kile kile. Baada ya kuzaa, yuniti 10 kwa mpigo mmoja ni uhai. Kabla ya kuzaa, yuniti hizo hizo 10 zikidungwa msulini ni hatari isiyorudishwa nyuma, maana dawa iliyokwisha kudungwa haizimiki. Kabla ya kuzaa, dawa hutolewa kwa dripu tu, tone kwa tone, ili ikizidi ifungwe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kushughulikia matatizo ya uzazi unaeleza utaratibu huu: yuniti 2.5 huchanganywa katika mililita 500 za maji ya dripu, kisha huanza kwa matone 10 kwa dakika, na huongezwa taratibu kila baada ya nusu saa hadi mikazo iwe mizuri, yaani mitatu katika dakika 10, kila mmoja ukidumu zaidi ya sekunde 40. Hebu mwanafunzi achukue kalamu. Yuniti 2.5 ni miliyuniti 2,500. Zikigawanywa kwa 500, kila mililita ina miliyuniti 5. Mpira wa dripu ukiwa wa matone 20 kwa mililita, matone 10 ni nusu mililita, yaani miliyuniti 2.5 kwa dakika. Mtu akikosea akatia yuniti 10 katika chupa ile ile, matone yatakuwa yale yale 10, jicho halitaona tofauti yoyote, lakini mama atapokea dawa mara nne. Siandiki haya ili mtu ajitibu nyumbani. Nayaandika ili tuone jinsi kosa lilivyo jembamba.

Sasa sikiliza muuguzi wa mchana anavyomkabidhi zamu mwenzake wa usiku: "Huyu wa kitanda cha tatu, weka kumi." Kumi ya nini? Ni matone 10? Ni yuniti 10? Mtoto ameshazaliwa au bado? Katika taaluma yangu twasema kwamba kauli hiyo imeegemea muktadha. Wasemaji wanapouona muktadha mmoja, maneno machache yatosha. Lakini zamu inapobadilika muktadha huondoka pamoja na anayekwenda nyumbani, na anayebaki huachiwa tarakimu tupu. Maandishi nayo yana hila zake. Wataalamu wa usalama wa dawa wameonya kwa muda mrefu kwamba herufi "IU", zinazosimama badala ya yuniti, huweza kusomwa kuwa "IV", yaani mshipani, au kuwa tarakimu 10. Na herufi "U" iliyoandikwa kwa haraka hufanana na sufuri. Kuandika neno "yuniti" kwa ukamilifu si ushamba.

Msomaji atauliza: kwa nini mambo haya yote nayaleta Hola? Ni kwa sababu Hola huonyesha waziwazi mambo ambayo katika miji mikubwa hufichika.

Kwanza ni lugha. Kaunti ya Tana River ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na katika sensa ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 315,943. Humo mna Wapokomo, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili. Mna Waorma, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo na haina udugu na Kiswahili. Mna Wardei, Wamunyoyaya na wengineo. Muuguzi amefundishwa kazi yake kwa Kiingereza. Anaposimama mbele ya mama hutafsiri papo hapo kwa Kiswahili, bila ya kuwa amepata kufundishwa istilahi hata moja. Kama mama ni Morma aliyelelewa katika kijiji cha wafugaji, kuna tafsiri ya pili, inayofanywa na mama mkwe, na pengine na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Dawa iliyopitia lugha tatu hufika ikiwa "dawa ya uchungu" tu, na mara nyingine hufika ikiwa "maji".

Hilo neno "maji" lina historia chungu katika mji huu. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 wa kambi ya Hola waliuawa kwa kupigwa na walinzi. Taarifa ya kwanza iliyotolewa na serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ndio uliofichua kwamba walikufa kwa kipigo. Simlinganishi muuguzi wetu na walinzi wale, hasha! Wale walificha uovu, na huyu anafupisha kwa sababu ya uchovu. Nasema tu kwamba wenyeji wa Hola wana haki kuliko wengi ya kutoridhika wanapoambiwa "ni maji tu".

Pili ni joto. Oksitosini hupaswa kuhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Hola zaidi ya nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Kichupa kinachosafirishwa bila barafu au kuachwa kabatini umeme ukipotea hupoteza nguvu, na kwa macho hakibadiliki hata kidogo. Hatari yake ina pande mbili. Baada ya kuzaa, dawa iliyodhoofika haizuii damu. Kabla ya kuzaa, humzoesha muuguzi kuongeza matone kwa kuwa aonavyo yeye "dawa haishiki", na siku atakapoletewa shehena mpya yenye nguvu zake zote, mazoea yale yale yatakuwa balaa. Ndiyo maana mwaka 2019 WHO pamoja na mashirika ya UNICEF na UNFPA yalisisitiza kwamba oksitosini ihifadhiwe baridi daima, hata ikibidi katika majokofu ya chanjo.

Wapo watakaosema kwamba dawa mpya imetatua tatizo la joto. Ni kweli kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, na ambao Kenya na Uganda zilishirikishwa, ulionyesha kuwa kabetosini isiyoharibiwa na joto huweza kuzuia damu baada ya kuzaa. Lakini dawa hiyo ni ya baada ya kuzaa tu. Haitumiwi kuanzisha uchungu wala kuongeza uchungu, na haipaswi kutolewa kabla mtoto hajazaliwa. Iwapo nayo itaitwa "sindano ya uchungu" kwa kuwa imewekwa karibu na nduguye kabatini, tutakuwa tumejizalia msiba mpya kwa neno la zamani.

Tatu ni njia. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, barabara zilikatika na watu wakavushwa kwa mashua. WHO hushauri kwamba kuanzisha uchungu kwa dawa kufanywe, kadiri iwezekanavyo, mahali ambapo mama anaweza kupasuliwa likitokea la kutokea, na kwamba aliyewekewa dawa hiyo asiachwe peke yake. Katika zahanati iliyo ng'ambo ya mto uliofurika, dripu ya oksitosini kabla ya kuzaa ni kamari. La busara huko ni kumpeleka mama mapema, kabla ya uchungu kukwama na kabla ya maji kujaa.

Nimezungumza na baadhi ya wauguzi kuhusu mambo haya. Jibu lao lilikuwa la haki na nalileta hapa bila kulipunguza. Walisema: "Daktari, wewe unatutaka tuseme maneno manne badala ya mawili, lakini wodini kuna wanawake saba na muuguzi ni mmoja." Tangu Juni 2013, serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, akina mama zaidi walikwenda hospitalini, jambo jema kabisa. Lakini vilio vya wauguzi kwamba mikono haitoshi vimesikika mwaka baada ya mwaka, na mgomo wao wa mwaka 2017 ulidumu tangu Juni hadi Novemba. Vitanda vikiwa vichache, kuna kishawishi cha kuharakisha uzazi ili kitanda kipatikane.

Hapa historia ina funzo. Mtindo wa kuharakisha uzazi kwa oksitosini ulipata umaarufu duniani kutokana na hospitali moja ya wazazi mjini Dublin, Ireland, chini ya Kieran O'Driscoll, katika miaka ya 1960 na 1970. Lakini mtindo ule ulikuwa na sharti: kila mama alikuwa na mkunga wake mmoja asiyembanduka hadi azae. Ulimwengu uliiga dripu na kumwacha mkunga. Ni sawa na mtu aliyenunua gari akaacha breki dukani kwa kuwa bei ilizidi.

Isitoshe, elimu yenyewe imesonga mbele. Kwa miongo mingi iliaminika kwamba mlango wa uzazi usiofunguka kwa sentimita moja kila saa una kasoro, hivyo usukumwe kwa dawa. Mwaka 2018 WHO ilitangaza kwamba kasi hiyo ni kubwa mno kwa wanawake wengi, na kwamba kabla ya mlango kufikia sentimita 5 haifai kuharakisha uchungu kwa dawa ikiwa mama na mtoto wako salama. Mwaka 2020 shirika hilo lilitoa fomu mpya ya kufuatilia uzazi badala ya patografu ya zamani. Kwa hivyo akina mama wengi waliowekewa "dawa ya uchungu" kwa sababu ya kuchelewa hawakuwa wamechelewa. Walikuwa wakizaa kwa mwendo wao. Wahenga hawakuwa na fomu waliponena kwamba haraka haraka haina baraka.

Hoja ya wauguzi kwamba hawatoshi ni ya kweli, na serikali ya kaunti yapaswa kuijibu kwa kuajiri wala si kwa hotuba. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayolifanya suala la lugha kuwa la dharura. Pale ambapo muuguzi hawezi kukaa na kila mama, mlinzi wa kwanza wa mama ni mama mwenyewe. Ni yeye anayejua uchungu umekuja mara ngapi na kama umeachia. Akijua kwamba dripu ile inaongeza uchungu, atajua kwamba uchungu usioachia ni ishara ya kuita mtu mara moja. Asipojua, atavumilia kimya kama nilivyovumilia mimi, na jamaa zake watamsifu kwa ushujaa. Maelezo ya sekunde kumi si anasa ya wodi yenye wauguzi wengi. Ni kinga ya wodi yenye muuguzi mmoja.

Wala si hisani. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya afya, ikiwamo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, manufaa na hatari za tiba, na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoifahamu kadiri iwezekanavyo. Sheria imesema "anayoifahamu". Haikusema anayoweza kuitikia kwa kichwa.

Je, tufanye nini? Napendekeza mambo manne yasiyohitaji mkopo wa kigeni.

Kwanza, jina fupi "dawa ya uchungu" liachwe wodini na mahali pake patumike majina yenye kitenzi: kuanzisha, kuongeza, kutuliza, kuzuia damu. Vyuo vinavyowafunza wauguzi na wakunga viwape wanafunzi saa chache za Kiswahili cha kazi, na wale wanaopelekwa Tana River wafundishwe sentensi kumi za Kiorma na Kipokomo. Idara zetu za lugha katika vyuo vikuu zinaweza kuziandaa sentensi hizo kwa muhula mmoja. Tumewahi kuandika tasnifu ndefu kuhusu mambo madogo kuliko hayo.

Pili, hakuna tarakimu itakayosemwa wala kuandikwa bila kipimo chake. Kila chupa ya dripu yenye oksitosini ibandikwe karatasi inayotaja dawa, kiasi, saa iliyoanza na aliyeiweka. Anayepokea zamu arudie kwa sauti alichoambiwa, kama marubani wanavyofanya.

Tatu, kila nusu saa iandikwe kasi ya matone, idadi ya mikazo katika dakika 10, na mapigo ya moyo wa mtoto. Mikazo ikizidi 5 katika dakika 10, au moyo wa mtoto ukibadilika, dripu ifungwe kwanza, maswali yafuate baadaye. Mama pia aulizwe, bila kukaripiwa, kama ametumia mitishamba au kidonge chochote cha kuharakisha kabla ya kufika. Anayeogopa kukaripiwa huficha, na dawa mbili zenye kazi moja hukutana tumboni mwake.

Nne, sisi walimu tulipeleke jambo hili darasani. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa utata wa maana hana haja ya kurudia ile mifano ya vitabuni iliyochakaa. Mwalimu wa hesabu anayefundisha uwiano ana dripu. Mwalimu wa biolojia ana homoni. Miongoni mwa wasichana walioketi mbele yetu, wengi watalala katika vitanda hivyo, na baadhi yao ndio watakaosimama kando ya vitanda hivyo wakiwa na chupa mkononi.

Kabla sijaondoka Hola, binti ya kaka yangu alileta daftari lake la kliniki, akaniomba nimwandikie maneno ya kuuliza. Nilimwandikia maswali manne: Dawa hii ni ya kufanya nini? Kwa nini naihitaji sasa? Nikihisi nini niite? Ni nani atakayekuwa karibu nami? Aliyasoma, akacheka kidogo, akasema, "Shangazi, hawataniona mjuaji?" Nikamjibu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba muuguzi mwema atafurahi kupata mama anayemsaidia kulinda.

Jibu hilo nililitoa kwa niaba ya wauguzi ambao sitakuwapo kuwasikia. Nawaomba wasiniumbue.